Barua ya wazi: Masista wetu wastaafu warudi wodini, wafundishe

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa, wakubwa wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, Baraza la Wauguzi la Kenya, na nyinyi wa Wizara pale Afya House,

Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni nasi, yaani muuguzi, niko kazini hapa Mombasa, na wodini kwetu wanafunzi hawakosi, wakiondoka hawa wanaingia wale. Barua hii naiweka hadharani kwa sababu jambo lenyewe halina mwenyewe, ukilipeleka kaunti unaambiwa masomo ni mambo ya chuo, ukilipeleka chuo unaambiwa wodi ni ya kaunti, ukiuliza Nairobi unaambiwa fuata utaratibu, na ukifuata huo utaratibu unarudishwa kwa wale wale wawili uliotoka kwao. Basi leo nawaambia nyote pamoja, kila mmoja akisikia ajue mwenzake naye amesikia.

Naomba masista waliostaafu, wale manesi wakongwe wa wodi, warudishwe wodini kufundisha. Sisemi kuitwa tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi, wakate keki wapigwe picha, wala kupewa leso na maikrofoni dakika tano kwenye mahafali halafu gari iwarudishe nyumbani. Nasema wafundishe pale pale kitandani kwa mgonjwa, kwa kontrakti, kwa malipo, kwa siku zinazojulikana, na mwanafunzi ajue Jumanne na Alhamisi sista fulani yupo.

Hebu pigeni hesabu kidogo. Mtumishi wa serikali Kenya anastaafu na miaka 60, imekuwa hivyo tangu 2009 ilipopandishwa kutoka 55. Nasi aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1994 ametimiza 60 mwaka 2024. Maanake wengi wa wale waliokuwa zamu hapa Mombasa feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakapoteza maisha, wako nyumbani sasa, Kisauni, Likoni, Changamwe, wengine wamerudi kwao Taita na Kilifi. Wale waliouguza wagonjwa wa ukimwi miaka ya tisini, kabla hata serikali haijatangaza kuwa ni janga la taifa mwaka 1999, wakati dawa za kupunguza makali zilikuwa ni za mwenye pesa zake, wakabaki wao kumwosha mtu, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko na jamaa zake wengine wamesimama mlangoni wanaogopa kumgusa, hao nao wanastaafu. Wale walioona klorokwini inapewa mtoto na homa inarudi vile vile mpaka 1998 serikali ikabadilisha dawa ya malaria, halafu ikabadilisha tena ikaleta hizi za mseto, wanastaafu. Kizazi kizima kinatoka kwa mlango mmoja ndani ya miaka michache, na hakuna aliyekaa nao akawauliza siku ile mlifanyaje, nani alipokea watu, nani aliongea na jamaa waliojaa pale nje wakitafuta watu wao, nini kiliwashinda, mkirudi nyuma mngefanya nini tofauti.

Mwanafunzi wa leo amezaliwa baada ya Mtongwe. Anasoma somo la majanga darasani na mifano ya nchi za watu, na waliolishuhudia janga kubwa la mji wake mwenyewe wanakaa mtaa wa pili na chuo chake.

Na si sisi peke yetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 kuhusu wauguzi ilisema muuguzi mmoja kati ya kila sita duniani anatarajiwa kustaafu ndani ya miaka 10. Tofauti ni kwamba wenzetu wengine wameshaanza kuchukua hatua.

Sasa niwaambie hasa ni kitu gani kinachopotea, manake najua ofisini mtu anaweza kufikiri ni hadithi za zamani tu.

Chukua leba. Mwanafunzi anakuja amefanya mazoezi kwenye mdoli chuoni, na sina ugomvi na midoli, ni vizuri akosee kwenye plastiki kabla hajamshika binadamu. Lakini mdoli hautoi jasho, hauogopi, na haukudanganyi uchungu ulianza saa ngapi. Mama amevuka feri kutoka Likoni, uchungu umemshika tangu jana magharibi, lakini anasema umeanza leo asubuhi kwa sababu anaogopa kuambiwa amechelewa. Mwanafunzi anaandika vile vile alivyoambiwa, patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inaanza na uongo, na kila mstari unaofuata ni uongo. Nilifanya kazi na sista mmoja, sasa amestaafu yuko Kisauni, hakuwa anauliza uchungu umeanza saa ngapi kwanza. Anamsalimia, anamuuliza jana usiku ulikula nini, ulilala saa ngapi, nani alikuamsha, na katikati ya mazungumzo ya chakula jibu la kweli linatoka lenyewe. Mkono wake uko juu ya tumbo dakika 10 nzima, anahesabu mikazo kwa vidole huku anaongea, simu iko mbali. Sijaona mwongozo wowote uliomfundisha mtu hivyo, na sijaona mwanafunzi aliyemwona akifanya vile mara moja tu halafu akasahau.

Stima ikipotea je? Dopla ya kusikiliza moyo wa mtoto betri imekwisha, mwanafunzi anabaki anatuangalia. Yule sista anatoa pinadi yake, ile pembe ya kusikizia, anaiweka pale pale penye mgongo wa mtoto kwa sababu ameshapapasa akajua mtoto amelala vipi, anahesabu dakika nzima, anakuambia namba. Vijana wengi siku hizi pinadi wanaiona kwa picha na kwa mtihani.

Ama dripu. Darasani hesabu anaijua, mililita 500 kwa saa 4, seti ya matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika, maksi zote. Akifika kitandani anaifungua, anahesabu mara moja, anaondoka, mgonjwa anakunja mkono dripu inasimama au inakimbia, na hakuna pampu ya kumpigia kelele. Hawa wakongwe kila wakipita, hata kama wanampelekea mtu mwingine dawa, jicho linaangukia ile chemba ya matone. Hiyo ni tabia, na tabia mtu anaichukua kwa mtu.

Na watoto wachanga. Vitabu vingi wanavyosomea wanafunzi wetu picha zake ni za watoto weupe, manjano inaonekana kwenye ngozi kwa mbali, mtoto akikosa oksijeni midomo inaonekana ya bluu. Kwa mtoto wetu mweusi utangoja mpaka lini kuona hayo? Sista mkongwe anambeba mtoto mpaka dirishani kwenye mwanga wa jua, anabonyeza ufizi na ncha ya pua, anaangalia viganja, nyayo, ndani ya midomo na ulimi. Ni kitu kidogo, sekunde chache, na ndicho kinachofanya mtoto ashughulikiwe leo au kesho kutwa.

Kuna pia kujua kuongea na watu wa huku. Mama kutoka vijijini akisema mtoto ana nyuni, ndivyo wanavyoita degedege, nasi kijana aliyepangwa kutoka bara anaweza kucheka au kumkemea, na hapo mama anafunga mdomo, hatasema kwamba mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga, hatasema alinyweshwa nini wala alitetemeka mara ngapi njiani. Mkongwe wa pwani anauliza kwa upole, alianza lini, macho yaligeuka, alipewa kitu gani, na ndani ya dakika mbili una historia kamili ya mtoto mwenye degedege na labda malaria kali. Huo ni ujuzi wa kitabibu kabisa. Hakuna mtihani unaoupima ndio maana hakuna anayeuhesabu.

Kuna mwalimu wa uuguzi Mmarekani, Patricia Benner, mwaka 1984 alieleza jinsi nasi anavyokua kutoka mwanagenzi mpaka bingwa, na jambo moja alilolisema nimeliona kwa macho yangu, kwamba bingwa mara nyingi hawezi kukupangia kwa maneno amejuaje, anaona hali nzima kwa pamoja. Ndio maana hizi hotuba hazisaidii. Mkimuita sista mstaafu ukumbini mkamwambia tueleze uzoefu wako, atasema muwe na nidhamu na mpende wagonjwa, watu watapiga makofi, basi. Mpeleke kitandani, mwonyeshe mgonjwa, halafu mwanafunzi amuulize kwa nini umemgeuza huyu kwanza, kwa nini yule umemwambia dada wa zamu asimwache peke yake, hapo ndipo maneno yanaanza kutoka na hayaishi. Mazingira ndiyo yanamkumbusha. Kwa hivyo tafadhali msinijibu kwamba mtaandaa semina.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu napenda haki. Si kila kitu cha zamani ni cha kurudishwa. Wapo waliofundishwa kumnyoa kila mama na kumpa enema ya kusafisha tumbo kabla hajajifungua, kumkata njia ya uzazi kila mwenye mimba ya kwanza, kumlaza chali tu basi. Hayo yameshapitwa. Na yapo maneno makali ya leba, hata makofi, ambayo wengine waliyaona kama sehemu ya kazi, na mama zetu wanayakumbuka mpaka leo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Bungoma iliamua kwamba haki za mama aliyejifungulia sakafuni akapigwa na kutukanwa na manesi zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia. Kwa hivyo anayerudi achaguliwe, kwa kuuliza waliofanya kazi chini yake na akina mama pia, miaka kazini peke yake haitoshi.

Na hata yule mzuri kabisa ana ya kujifunza. Damu ya mama baada ya kuzaa tulizoea kuikadiria kwa macho, leso ngapi zimelowa, pedi ngapi, na macho yanadanganya, hasa damu inapotoka polepole. Utafiti wa E-MOTIVE uliofanywa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023, ulitumia shuka la plastiki lenye alama za kipimo linalowekwa chini ya mama, na ikifika alama fulani matibabu yote yanaanza kwa mkupuo, kusugua mji wa mimba, dawa ya kuukaza, dawa ya kuzuia damu, dripu, na kumkagua mama. Visa vibaya vilipungua kwa asilimia 60. Asilimia 60 jamani! Mstaafu anayerudi kufundisha lazima ajue hilo shuka, na ndio pazuri kwa sababu akilijua yeye, mwanafunzi atapata vyote viwili, kipimo kisichodanganya na mkono unaojua mji wa mimba ulio laini ukoje kabla damu haijafika hata kwenye alama. Wiki moja au mbili za kuwafundisha mapya kabla hawajaanza, hilo si gharama kubwa.

Kwa nini basi haya hayafanyiki? Nionavyo mimi tatizo haliko kwa wastaafu wala kwa wanafunzi, liko kwenye mpaka kati yenu. KMTC ni ya serikali ya kitaifa. Hospitali tangu ugatuzi wa 2013 ni za kaunti. Mwanafunzi ni wa huyu, mgonjwa ni wa yule, Baraza linapiga msasa wote wawili, na katikati pale penye kufundisha kwa vitendo hapana mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo peke yake kwa kiasi kinachotosha. Mwalimu wa chuo anakuja anazunguka na wanafunzi wengi anaondoka. Anayebaki nao ni nasi wa zamu, ambaye ana wagonjwa wake wodi nzima, ana dawa za saa nane, ana faili, ana jamaa wa mgonjwa wanamvuta huku na huku, na juu yake ndiye priseputa, mlezi wa wanafunzi wodini, hana dakika wala shilingi ya hiyo kazi. Matokeo mnayajua. Logibuku, yale madaftari ya kusainiwa kazi za vitendo, zinasainiwa koridoni siku ya mwisho ya rotesheni, mwanafunzi anakimbizana na saini badala ya kukimbizana na ujuzi. Mwaka 2017 manesi wa kaunti waligoma karibu miezi mitano, na wanafunzi wa wakati ule wodini walijifunza kwa nani? Wao sasa ndio wanaofundisha wengine.

Sista mstaafu anaziba hapo hapo kwa sababu hana mgonjwa wa kwake siku hiyo. Kazi yake ni wanafunzi watano au sita, tena polepole.

Nishasikia mtu akisema mnarudisha wazee na vijana waliohitimu wanakaa nyumbani bila kazi. Hilo ni jambo la kweli na linauma, nina wadogo zangu wa unesi wanaouza nguo Kongowea wana leseni mfukoni. Lakini hawa wastaafu wasiwekwe kwenye nafasi ya nasi hata moja. Liandikwe kwenye kontrakti kabisa, kwamba hapangwi zamu, hahesabiwi kwenye idadi ya manesi wa wodi, na kaunti haina ruhusa kumtumia kuziba pengo siku ya upungufu. Kaunti ikianza kuwatumia kama vibarua wa bei rahisi mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kupiga kelele. Vijana waajiriwe, na wakiajiriwa wapate mtu wa kuwashika mkono ule mwaka wa kwanza.

Kwa wenzetu Uingereza huduma yao ya afya, NHS, ina wauguzi wakongwe wanaopewa kazi maalum ya kulea wapya badala ya kwenda nyumbani moja kwa moja, na Machi 2020 korona ilipoingia walifungua rejista ya muda ili waliotoka kazini warudi haraka. Sisi mwaka 2021 tumesaini nao makubaliano ya kuwapelekea manesi wetu. Sawa, watu watafute riziki, siwalaumu. Ila mwenye uzoefu wa katikati akiondoka kwenda huko na mkongwe akistaafu mwaka huo huo, wodi inabaki na nani wa kumwonyesha mgeni?

Baraza la Wauguzi, nyinyi ndio wenye leseni. Wastaafu wengi leseni inakwisha wanaiacha kwa sababu kuihuisha kunataka pointi za masomo na ada wakati hawana ajira. Fungueni daraja la leseni ya kufundisha pekee, ada ndogo, pointi mstaafu azipate kwa kule kufundisha na kwa zile wiki za mafunzo mapya, na saini yake kwenye logibuku iwe na nguvu sawa na ya mwalimu wa chuo. Bila hiyo saini wanafunzi watamheshimu kama mgeni tu, watamwamkia shikamoo na kumpita.

KMTC na kaunti, andikieni pamoja karatasi moja ya nani analipa nini. Posho ya siku, nauli, chakula cha mchana, bima akidungwa na sindano akiwa wodini. Isitoke kwenye karo za wanafunzi. Na kumbukeni hawa ni watu wazima, magoti yanauma, wapeni kiti wodini, msiwapange naiti, msiwapandishe ngazi ghorofa ya tatu lifti ikiwa imekufa. Najua hospitali moja ambapo sista aliyeitumikia karibu maisha yake yote alikuja kumwangalia jirani yake aliyelazwa, askari wa getini akamzuia akamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, akasimama juani mpaka kijana mmoja aliyemfundisha akapita akamtambua. Kama tunataka warudi kufundisha, tuanze na kadi ya kuwapitisha getini.

Tena warekodiwe. Simu tu inatosha, sista akimaliza siku akae na wanafunzi wake nusu saa, asimulie mgonjwa mmoja bila jina lake, aliona nini, aliamua nini, nini kilimponyoka, na chuo kihifadhi hizo sauti. Kwa Kiswahili, maana ndicho wanachosimulia nacho vizuri na ndicho wagonjwa wetu wanachoumwa nacho. Watu wa Mtongwe 1994 waanzwe nao kwa sababu wanazidi kupungua, mwaka huu tushazika.

Sisemi muanze Kenya nzima. Anzeni hospitali ya Makadara kwenye leba na wodi ya watoto, muongeze Port Reitz na Tudor zikienda vizuri, mpime baada ya mwaka mmoja kwa vitu vinavyopimika, patografu ngapi zimejazwa sawa, wanafunzi wangapi wanaweza kuhesabu mapigo ya mtoto bila mashine, akina mama wanasema walisemeshwa vipi. Wastaafu walio tayari wapo, wanawake kwa wanaume, mimi peke yangu nimeongea nao na majina nimeyaandika, wengi wananiuliza tu tutaitwa lini. Orodha nitaileta ofisi yoyote kati yenu itakayoniita kwanza, na ningependa tuonane kabla wanafunzi wapya wa Septemba hawajaripoti.

Wenu katika kazi,
Nasi wa wodini, Mombasa